Mtafsiri wa Mieleka

Meno yake manne ya mbele, ya juu, hayakuwepo, na kupitia pengo lile alitudanganya mji mzima kwa miaka. Akianza kusema mate yanaruka. Sisi tuliokaa chini mbele kabisa tulikuwa tunajifuta uso na kucheka, tena wengine waligombania kukaa pale, eti ukirukiwa na mate ya Mtafsiri na wewe umo mchezoni. Leo nikikumbuka natamani kunawa.

Jina lake ninalo lakini sitaliandika. Wengine humu nitawataja, maana walitukosea na hawajawahi kupiga hodi kuomba radhi. Nitamtaja Simfukwe mchoma matofali. Nitamtaja Nzunda aliyekuwa mwenyekiti wetu wa mtaa. Lakini huyu hakuna mtu Tunduma aliyemwita kwa jina. Mkewe alimwita Mtafsiri, na hata msibani wakitaja waliochangia walisema Mtafsiri kaleta debe la maharage. Basi abaki hivyo hivyo. Kumpa mtu jina lake ni kumpa heshima.

Kazi yake ilikuwa hii. Ile miaka ambayo biashara ilifunguliwa na vitu vikaanza kupita mpakani mchana kweupe, mfanyabiashara mmoja kutoka Kigoma alileta deki ya video na jenereta, akaviweka kwenye banda la udongo pale mtaa wa Sogea. Kanda za mieleka zilitoka upande wa Zambia. Wazungu wanene wamevaa chupi zinazong'aa, wanabebana na kutupana, na mtangazaji wao anapayuka Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa. Ndipo Mtafsiri akapata cheo. Alisimama kando ya runinga na fimbo ya mwanzi, akawa anatueleza.

Kiingereza hakukijua. Alikuwa amefanya kazi Zambia kwenye miji ya migodi, na alichorudi nacho ni maneno ya bosi kwa kibarua: simama, beba, nyamaza, mjinga. Mengine yote aliyatunga pale pale. Na alitunga, jamani, sitamnyima hilo. Kulikuwa na mmoja mwenye upara, mbaya wa sura, anayeingia ulingoni na faili kwapani. Sijui kwao alikuwa nani. Mtafsiri alimwita Afisa Forodha. Akimwonyesha kwa fimbo anasema, "Mnamwona huyu? Jana kamnyang'anya mama wa watu vitenge kwenye njia ya panya, halafu anakwenda kumvalisha hawara yake." Banda zima linaguna. Mpinzani wake, mrefu wa ndevu, alikuwa Dereva. Dereva amezuiwa mpakani siku tisa, mzigo wake wa nyanya umeoza, leo amekuja kudai haki. Nani Tunduma asiyeijua habari hiyo? Dereva akimnyanyua Afisa Forodha na kumbwaga chini, watu wazima walikumbatiana.

Kuna bibi mmoja wa Kinamwanga, muuza ulezi, aliingia siku moja kumtafuta mjukuu wake. Akamkuta Afisa Forodha amemkalia Dereva kifuani. Yule bibi alivua kiatu akakirusha kwenye runinga. Mwenye deki akataka kumtoa kwa ngumi. Mtafsiri akaokota kiatu, akampelekea bibi kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Ba mayo," akamwambia, maana wanawake wote aliwaita hivyo, kama Wabemba wanavyomwita mama, "umempata kwenye sikio. Ona anavyolishika." Na kweli pale kwenye kioo yule mwenye upara alikuwa ameshika sikio. Bibi akakaa mpaka mwisho.

Ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumchukia kwa moyo mmoja inakubidi ufanye kazi. Mimi nimeifanya.

Alivaa koti zito la sufu, la mitumba, mvua na jua. Hata alipokwenda Kamsamba kule bondeni, ambako mbuzi wenyewe wanatweta, alikwenda na koti. Alinuka jasho la zamani na karanga. Alikula karanga tu mpaka onyesho liishe, anasema mtu aliyeshiba hawezi kusema uongo mtamu. Alisema hivyo hadharani na sisi tukacheka, tukadhani ni mzaha.

Damu hakuiweza. Mama alimchinjia jogoo siku moja alipotutembelea, akaona kisu kikipita shingoni, akatoka mbio nyuma ya choo, akatapika zile karanga zote. Mama alimhurumia, akasema ana roho laini. Mimi nilikuwa msichana, nikaona jambo la kuchekesha. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na tumbo laini tu, roho ikawa kitu kingine.

Na alilia misibani. Alilia kuliko wafiwa. Alilia mpaka wenye msiba wakaacha wao na kuanza kumbembeleza yeye.

Kuna jambo lingine ambalo ningependa nisiliandike. Mimi shule niliishia darasa la nne, baba alipofariki na mama akaondoka Ihanda kuja Tunduma kupika chapati. Kiingilio sikuwa nacho, kwa hiyo nilifagia banda ndipo nitazame. Mtafsiri ndiye aliyekuwa anaandika mabango ya maonyesho, kwa mkaa na chokaa, juu ya maboksi. Aliniona nimesimama muda mrefu mbele ya bango nasukasuka midomo. Hakunicheka. Kila siku baada ya kufagia akanikalisha. D ya Dereva. F ya Forodha. Herufi ambazo mwalimu alinipiga nazo fimbo nikazisahau, huyu alinipa zikakaa. Baadaye mabango nikaandika mimi. Kwa hiyo haya unayosoma, kila herufi ina mate yake.

Misemo alikuwa nayo mingi, mingine ya kijinga. Mmoja ndio ulioharibu nyumba yetu. Alisema, "Anayeumia ni yule aliyeogopa." Mwanamieleka akirushwa juu akaanguka kifudifudi, halafu akasimama, Mtafsiri anageuka kwetu. "Mmeona? Hakuogopa. Mifupa inasikiliza moyo." Tuliuchukua msemo huo tukaupeleka nyumbani. Mtoto akidondoka mtini anaambiwa umeogopa. Mwanamke akijifungua kwa shida, ameogopa.

Halafu deki zikawa nyingi. Kila mtaa banda, kila banda mtafsiri wake, vijana wanaojua Kiingereza cha kweli. Kwetu watu wakapungua. Mwingine angeacha akatafute kazi. Yeye akasema kama watu wamechoka na wazungu, tutawapa watoto wao wenyewe. Akaanzisha mieleka ya watu hai nyuma ya banda. Vijana wetu kwa vijana wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, kila Jumamosi mchana.

Uwanja ulikuwa wa mtaa. Aliyemruhusu ni Nzunda, mwenyekiti, ambaye hakuuliza swali hata moja zaidi ya wapi atakaa. Akaletewa kochi, kochi lenyewe, likabebwa na vijana wanne. Akakaa mbele amekunja nne.

Walisimika nguzo nne, wakazungushia kamba ya katani. Katikati wakamwaga pumba za mpunga. Mpunga wa Kamsamba ulikuwa unakuja kukobolewa mjini, na pumba zilirundikana mashineni bure. Walizimwaga mpaka magotini, juu wakatandika turubai. Ukianguka pale unazama kama kwenye kitanda cha tajiri. Ila pumba zina tabia yake: zikikanyagwa na zikinyeshewa zinashikana, zinakuwa kama sakafu. Kwa hiyo kila wiki mbili zilizolewa, zikaletwa mpya. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote ya ushujaa wetu, magunia ya pumba.

Mdogo wangu Lusekelo ndiye aliyekuwa anaruka. Wengine walikabana na kutupana, yeye alipanda juu ya mapipa matatu yaliyopangwa, anajiachia hewani mikono imetanuka. Miaka kumi na saba. Mtafsiri alimpa jina la Mwewe. Mimi nilikuwa nimefika ishirini, nina mchumba, fundi seremala, na kila Jumamosi nilikuwa nyuma ya kamba napiga kelele mpaka sauti inakauka. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyoipenda ile sekunde akiwa juu.

Sasa Simfukwe. Huyu alikuwa na matanuri ya matofali upande wa Chapwa, na matofali huchomwa kwa pumba. Mashine zikaanza kumbania, akawa anazitafuta popote. Na Mtafsiri alikuwa anataka nyumba. Alikuwa amechoka kupanga. Wakaelewana: pumba za uwanjani ziende tanurini, matofali yaje kwenye kiwanja cha Mtafsiri. Haya niliambiwa baadaye na mke wa Simfukwe mwenyewe, anachambua mboga, wala hakuona kama anasema jambo zito.

Jumamosi ile mbaya, pumba za zamani zilikuwa zimezolewa. Mpya hazikuletwa. Turubai likatandikwa juu ya ardhi, na chini yake vumbi la pumba la kuzuga macho.

Lusekelo alipanda mapipa. Mtafsiri aliongea sana siku hiyo, alimzungumzia Mwewe kama bwana harusi. Yule wa Nakonde alikuwa amelala chini anasubiri, kama ilivyo desturi akajiviringisha pembeni. Mdogo wangu akatua. Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu ameangusha mfuko wa mahindi mabichi. Sisi tukashangilia. Nakuambia tulishangilia, mpaka tukaona haamki.

Wakati anabebwa kwenye mlango uliong'olewa bandani, watu wamenyamaza, mwenyekiti amesimama kutoka kwenye kochi, Mtafsiri akaona lazima kisemwe kitu. Hakuna siku amewahi kuacha ukimya upite. Akasema kwa sauti, wote wakasikia:

"Aliogopa hewani."

Basi. Maneno mawili. Mji ukayachukua. Nzunda akayasema kwenye mkutano wa mtaa, kwamba ni ajali ya kijana aliyeingiwa na hofu, uwanja hauna kosa. Watoto wakayafanya utani: mbuzi akitumbukia mtaroni, aliogopa hewani. Mama aliyasikia sokoni, kwenye foleni ya maji, kanisani. Alikufa miaka sita baadaye anaamini kwamba mwanawe alilemaa kwa sababu ya uoga. Mimi nilikwenda uwanjani kesho yake ya ile ajali nikafunua turubai, nikaona udongo, nikamwambia Mama. Alinitazama akasema, mwanangu, tusitafute mchawi.

Lusekelo alikufa kuanzia kiunoni kwenda chini. Mikono ipo, kichwa kipo, tena kizuri. Alijifunza kutengeneza redio amelala, ubao juu ya kifua, baadaye simu. Watu wanamletea kutoka mpaka Msangano. Lakini aliyemgeuza usiku na mchana ni mimi. Aliyeosha vidonda vya mgongoni, aliyebeba kile ambacho mtu mzima hapendi kibebwe na dada yake, ni mimi. Yule fundi seremala alisubiri mwaka mmoja, halafu akaoa Vwawa. Simlaumu, huyo simweki kwenye orodha.

Mtafsiri alikuja kutuona mara moja, wiki ile ile. Akalia mpaka kola ikalowa. Kisha akarudi kusimamisha nyumba yake ya matofali ya kuchoma. Ipo mpaka leo, nyekundu nzuri. Nikipita pale nilikuwa natema mate.

Miaka ishirini hivi ikapita. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, kabla Songwe haijakuwa mkoa. Nilikuwa mgahawani karibu na maegesho ya malori nasubiri mteja wa simu ya Lusekelo, na runinga ilikuwa ukutani. Wakaweka mieleka. Ya zamani, picha imefifia. Nikainua macho, nikamwona Afisa Forodha anaingia na faili kwapani.

Nilitabasamu peke yangu kama mwehu. Nikamsubiri Dereva, akaja na ndevu zake. Na kwa mara ya kwanza nikatazama bila mtu wa kunieleza nitazame nini.

Niliona Afisa Forodha anamnong'oneza mwenzake sikioni kabla hajanyanyuliwa. Niliona anajisukuma mwenyewe kwa miguu ili abebeke. Dereva alimshika kiuno na kumshusha kama anayeshusha mtoto aliyelala, na yule akapiga sakafu kwa kiganja ili ilie. Sakafu yenyewe ilinesa. Ilikuwa inadunda kama kitanda cha chuma. Wale wanaume walikuwa wanatunzana. Katika ukatili ule wote tuliouabudu, hakuna aliyemwacha mwenzake aanguke peke yake.

Nilitoka nje nikatapika kwenye tairi la lori, dereva wake anauliza kama nina mimba.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye ile nyumba. Nilimkuta Mtafsiri barazani anachambua maharage kwa vidole, macho yameingia ukungu. Amekuwa mdogo, amenywea, kavaa sweta la mjukuu. Sikusema shikamoo. Alinijua kwa sauti. Nikamwuliza kama alijua kwamba wale wazungu wa mieleka walikuwa wanashikana wasiumizane.

Akasema alijua siku zote. Kule migodini alikuwa kibarua wa kufunga ulingo, mieleka ikija. Chini ni mbao na magodoro, akasema, na kabla ya onyesho alikuwa anawaona wakifanya mazoezi pamoja na kula sahani moja. Alisema kama mtu anayesimulia habari za ng'ombe wake.

Nikamwambia atakuja nyumbani sasa hivi, atamwambia Lusekelo kwa mdomo wake: pumba nilizitoa mimi, na wewe hukuogopa. Sitaki kilio. Hayo mawili tu.

"Mji umeshasahau, ba mayo," akasema.

"Yeye hajasahau. Na Mama kaenda nayo kaburini."

Akapangusa mikono. Akaniomba nimsubiri avae viatu.

Njia nzima nilitangulia nimemshika mkono wa sweta, sikutaka kugusa ngozi. Nyumbani Lusekelo alikuwa na simu imefunguliwa kifuani. Alipomwona nani anaingia aliweka bisibisi chini. Akamsalimia shikamoo, kwa adabu yote. Nikamweka mzee kwenye kigoda, nikasimama mlangoni asipate pa kutokea.

Akasema. Sitamnyima hilo, alisema bila madoido. Pumba niliziuza kwa Simfukwe kwa matofali, mwanangu. Nilijua chini ni ardhi. Nikasema uliogopa ili wasinigeukie mimi. Hukuogopa.

Nilimtazama mdogo wangu. Miaka yote ile nilikuwa nimeisubiri sura atakayoifanya.

Lusekelo alikuwa anachezea skrubu. Akasema, "Magunia niliyabeba mimi."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia, ananitazama mimi, si mzee. "Ijumaa. Niliyapeleka kwa Simfukwe na mkokoteni. Mzee aliniambia mapya yanakuja asubuhi, hayakuja. Nilipanda mapipa najua chini hakuna kitu, Dada. Ningeachaje kuogopa? Niliogopa kweli."

"Sasa uliruka kwa nini?"

"Watu walishakuja."

Jenereta la jirani lilikuwa linaunguruma. Nikamwuliza kwa nini hakusema, hata kwa Mama, hata kwangu, mimi ninayemwosha. Mtafsiri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliacha ukimya upite.

"Ulikuwa na hasira na yeye," Lusekelo akasema, "kwangu ukawa mpole. Niliona vile wagonjwa wengine wanavyooshwa kwa hasira. Nikasema, zikikosa pa kwenda hizo hasira, zitakuja kitandani."

Ningesema sio kweli, lakini najijua.

Halafu wakaanza kuongea wao wawili. Juu ya yule wa Nakonde, amekuwa mchungaji siku hizi. Juu ya kochi la Nzunda. Mdogo wangu akamwuliza yule bibi wa kiatu aliishia wapi, na mzee akaanza, na mate yakaanza kuruka, na Lusekelo akacheka mpaka ubao ukayumba kifuani na skrubu zikamwagika. Nilipiga magoti nikaziokota. Kicheko hicho mimi sijawahi kumpa. Nimempa uji, nimempa maji ya moto, nimempa miaka yangu.

Ilibidi nimrudishe mzee, haoni barabara. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka kilimani yanasubiri kuvuka. Tulisimama pembeni. Akanyoosha mkono akapapasa, nikamshika kiganja, kilikuwa kimelowa na kina baridi, na kinyaa kilinipanda mpaka begani. Sikuuachia mkono.

"Kijana kasema nije Jumamosi," akasema. "Nije saa ngapi?"

Lori likapita, tukavuka. Nikamwambia aje saa nane, nikishamaliza kumwosha.